Namna ya Kuandika Historia ya Ajali za Ndege ya Kale ya Injini Moja

Wengi wanaoanza kukusanya ajali za ndege za abiria za miaka ya 1920 huanzia mahali pasipofaa, yaani hutafuta ajali. Huzipata zile zilizoua watu mashuhuri, kwa kuwa ndizo magazeti yalizozishughulikia, kisha huzipanga kwa tarehe na kuiita orodha hiyo historia. Orodha ya namna hiyo hutueleza zaidi ni nani aliyemudu nauli ya ndege enzi hizo kuliko inavyotueleza ndege yenyewe ilikuwa na udhaifu gani. Njia ninayoipendekeza hapa ni ndefu zaidi, na sifichi kwamba inachosha: unaanza na ndege zenyewe, moja moja, tangu zilipotoka kiwandani, ndipo unauliza kila moja iliishia wapi.

Nitatumia Junkers F 13 kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho. Ndege hii iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Juni 1919 huko Dessau, Ujerumani, ikiwa ndege ya kwanza ya abiria kujengwa kwa metali tupu wakati ambapo washindani wake walikuwa bado wakitumia mbao, nyaya na kitambaa. Mbunifu wake alikuwa Otto Reuter, mhandisi wa kampuni ya Hugo Junkers. Ilikuwa na bawa moja la chini lisiloshikiliwa na nguzo wala nyaya kwa nje, ngozi ya duralumini (aloi ngumu ya alumini) yenye mikunjo kama ya bati la kuezekea, chumba kilichofungwa chenye nafasi ya abiria wanne, na injini moja puani. Zilijengwa zaidi ya 300, nazo ziliruka kwa magurudumu, kwa maboya na kwa skii, kuanzia Mto Magdalena nchini Colombia hadi Urusi ya Kisovieti. Uenezi huo ndio unaoifanya iwe mfano mzuri, kwa sababu karibu kila mtego unaomngoja mwandishi wa historia za ajali umo ndani yake.

Orodha ya ndege itangulie

Fungua jedwali lenye mstari mmoja kwa kila ndege, wala usifungue lenye mstari mmoja kwa kila ajali. Ufunguo wa mstari uwe namba ya kiwanda, ile ambayo mtengenezaji aliipa ndege na ambayo haibadiliki hata ndege ikiuzwa mara tano. Herufi za usajili hazifai kuwa ufunguo. Nchini Ujerumani ndege zilisajiliwa kwa herufi D ikifuatwa na tarakimu hadi mwaka 1934, ulipoletwa mfumo wa herufi tupu, kwa hiyo ndege iliyovuka mwaka huo ikiwa bado inaruka ina utambulisho usiopungua miwili. Kabla ya hapo, masharti ambayo washindi wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliuwekea usafiri wa anga wa Ujerumani yalifanya baadhi ya F 13 zisajiliwe Danzig, mji uliokuwa nje ya Ujerumani wakati huo. Kisha tarehe 6 Januari 1926 shirika la ndege la Junkers Luftverkehr liliunganishwa na lile la Deutscher Aero Lloyd kuwa Deutsche Luft Hansa, na ndege zikahamia kwa mmiliki mpya. Ongeza hapo desturi ya kuzipa ndege majina, kama ile iliyoitwa Tolima nchini Colombia, nawe utaona jinsi ndege moja inavyoweza kujitokeza katika karatasi zako kama ndege tatu, na ajali yake moja ikahesabiwa mara mbili bila wewe kujua.

Safu ya mwisho ya jedwali hilo ni ya hatima, na hapo uvumilivu unahitajika kuliko kwingineko. Rejista za zamani mara nyingi husema tu kwamba ndege imefutwa. Kufutwa si kuanguka, kwani ndege hufutwa ikichakaa, ikiuzwa nje ya nchi, ikibomolewa ili vipuri vyake vitumike kwingine, au mmiliki akiacha tu kulipa ada. Andika neno lilelile ulilolikuta, "imefutwa", pamoja na tarehe yake, na usilifasiri mpaka upate karatasi ya pili. Nimewahi kuona orodha ambayo nusu ya hasara zake zilitokana na mtu mmoja kulisoma neno hilo kama "imeharibika", na kila aliyenakili baada yake akaliongezea uzito kidogo.

Fuata ndege hata ikibadilishiwa jina

Anayetafuta ajali za F 13 kwa jina hilo peke yake atazikosa baadhi ya zile zenye mafunzo mengi zaidi. Mfanyabiashara John Larsen aliziingiza ndege hizi Marekani na kuziuza kwa jina la JL-6, na mwaka 1920 idara ya posta ya nchi hiyo ilinunua kadhaa kwa ajili ya kubeba barua za anga. Tarehe 1 Septemba 1920 mojawapo iliwaka moto na kuanguka karibu na Morristown, New Jersey, ikamuua rubani Max Miller na fundi aliyekuwa naye. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Septemba, nyingine ilianguka Pemberville, Ohio, ikaua watu wawili. Tarehe 9 Februari 1921 ikafuata ya La Crosse, Wisconsin, iliyoua watu watatu.

Sogea karibu na kasoro iliyolaumiwa, kwa sababu inaonyesha ni kiwango gani cha undani unachopaswa kukidai kutoka kwa kila taarifa. Mafuta yalifika kwenye injini kwa mabomba magumu ya metali. Injini ya wakati ule ilitikisika sana, na mtikisiko huo ulipitia kwenye bomba lisilopinda hadi likapata ufa, petroli ikavuja mahali penye joto la injini, na moto ukaanzia mbele ya miguu ya rubani. Tiba yake ilikuwa kuweka mabomba yanayonyumbulika. Sasa linganisha maelezo hayo na ile sentensi fupi unayoikuta kwenye orodha nyingi, "moto angani". Sentensi hiyo haina uongo, lakini haimwambii msomaji kama kasoro ilikuwa ya muundo, ya matunzo au ya bahati, wala haimwezeshi kujua kama ndege iliyotoka kiwandani mwaka uliofuata ilikuwa na hatari ileile.

Kwa hiyo, kabla hujaanza kutafuta ajali, tengeneza orodha ya majina yote ambayo aina yako ya ndege iliwahi kuitwa: jina la kiwandani, jina la muuzaji wa nje, jina la waliojenga kwa leseni kama wapo, na viambishi vya matoleo. F 13 ilianza na injini za Mercedes na BMW, kisha matoleo ya baadaye yakapewa injini ya Junkers L5 yenye nguvu zaidi. Kwa macho ya mtafiti wa ajali, toleo lenye injini nyingine ni karibu ndege nyingine, na safu ya toleo isikosekane katika jedwali.

Kipi ni ajali?

Amua mapema na uandike uamuzi wako mahali msomaji atakapouona. Mimi hugawa matukio katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni yale yaliyoua au kujeruhi vibaya, ya pili ni yale yaliyoiharibu ndege bila kuumiza watu, na ya tatu ni kutua kwa dharura ambako ndege iliondoka tena. Watu wengi huitupa ngazi ya tatu kwa madai kwamba si ajali. Kisheria huenda wana haki, ila wakiitupa wanaitupa pamoja nayo historia yenyewe ya injini moja, kama nitakavyoeleza.

Kila tukio lipewe tarehe, mahali, hatua ya safari (kupaa, kusafiri, kukaribia uwanja au kutua), hali ya hewa, kilichoonekana na mashahidi, kilichothibitishwa na wachunguzi, na jina la aliyethibitisha. Safu mbili za kilichoonekana na kilichothibitishwa zisichanganywe hata siku moja. Shahidi aliye chini husema aliona moto kabla ya ndege kuanguka, lakini mara nyingi alichokiona ni moto wa baada ya kuanguka, kwa maana sauti ndiyo iliyomfanya ageuke.

Mfano wa kusoma sababu: Meopham, 1930

Tarehe 21 Julai 1930 F 13 ya usajili wa Kiingereza, G-AAZK, ilikuwa ikitoka Le Touquet, Ufaransa, kwenda Croydon, uwanja wa ndege wa London, ikiwa na marubani wawili na abiria wanne. Juu ya kijiji cha Meopham, Kent, watu waliokuwa chini walisikia mngurumo kutoka mawinguni, kisha vipande vya ndege vikaanza kuanguka. Wote sita walikufa. Miongoni mwa abiria walikuwa Markisi wa Dufferin na Ava na Viscountess Ednam, na ndiyo maana magazeti ya siku zile yaliandika zaidi kuhusu jamaa za marehemu kuliko kuhusu mabaki.

Mabaki, hata hivyo, ndiyo yaliyokuwa na la kusema. Mkia na bawa la kushoto vilipatikana mbali na kiwiliwili, jambo lililoonyesha kwamba ndege ilivunjika ikiwa bado angani na haikuvunjwa na ardhi. Hapakuonekana popote kwenye ndege dalili ya kugonga kitu. Wachunguzi wa Uingereza walipeleka swali kwenye handaki la upepo, wakahitimisha kwamba hewa iliyochafuka kwenye maungio ya bawa na kiwiliwili, pale ndege ilipoinuliwa ghafla na mkupuo wa upepo ndani ya wingu, iliupigapiga mkia hadi ukashindwa, na sehemu nyingine zikafuata. Ripoti hiyo ilitolewa hadharani, jambo ambalo lilikuwa halijafanyika Uingereza kwa ajali ya ndege. Wajerumani nao walifanya uchunguzi wao wa ajali hiyohiyo na kuuchapisha. Mtu mwenye bidii azisome zote mbili, maana kiwanda, taifa na bima kila kimoja kilikuwa na sababu ya kutaka jibu liwe la namna fulani.

Nikiandika ajali hiyo katika jedwali langu, naandika hivi: "Ilivunjika angani, ikisafiri ndani ya mawingu. Sababu kwa mujibu wa wachunguzi wa Uingereza: mkia kupigwapigwa na hewa iliyochafuliwa na bawa. Injini: haihusiki." Maneno mawili ya mwisho ndiyo niliyotaka kuyafikia.

Swali la injini ya pili

Kwa kila ajali jiulize: kama ndege hii ingekuwa na injini mbili, matokeo yangebadilika? Swali hili ni jepesi kuliuliza, na huvuruga mawazo mengi tuliyoyarithi kuhusu ndege za injini moja.

Chukua ya Tomáš Baťa, yule mwenye viwanda vya viatu ambavyo jina lake bado limo kwenye nyayo za mamilioni ya watu. Tarehe 12 Julai 1932 F 13 ya kampuni yake, yenye usajili D-1608, ilipaa asubuhi kutoka Otrokovice katika ukungu mzito, ikaanguka muda mfupi baadaye, naye akafa pamoja na rubani wake. Injini ya pili isingemwonyesha rubani ardhi ilipo. Kilichohitajika ni vyombo vya kurukia bila kuona nje, mafunzo ya kuvitumia, na mtu mwenye mamlaka ya kusema safari ingoje. Katika jedwali, "kugonga ardhi" liwe jibu la nini kilitokea, na "kuondoka katika ukungu" liwe jibu la kwa nini. Ukiandika moja tu kati ya hayo, mstari wako umebaki nusu.

Rudi Morristown: moto wa bomba lililopasuka ungekuwa moto vilevile kwenye ndege ya injini mbili, pengine na mabomba mara mbili ya kupasuka. Meopham tumekwisha kuiona. Katika ajali hizi tatu zinazokumbukwa kuliko nyingine, hakuna hata moja ambayo injini moja kuzimika ndiko kulikoleta vifo.

Je, tuseme basi injini moja haikuwa hatari? Hapana. Injini za wakati ule zilizimika mara kwa mara, na rubani wa F 13 aliruka akiwa na shamba la kutulia jichoni muda wote. Ndege iliyokwenda kwa kasi ya kilomita 140 hivi kwa saa ilitua polepole vya kutosha kwa malisho au ukingo wa mto kumtosha, na bawa lake la chini lilipokea kishindo kabla hakijafika kwenye chumba cha abiria, hoja ambayo wana Junkers wenyewe waliipenda. Matokeo yake, injini iliyozimika ilizaa zaidi magurudumu yaliyovunjika na rafadha zilizopinda kuliko makaburi. Historia ya injini moja imo katika ngazi ya tatu, ile ambayo wengi huitupa, na utaipata katika madaftari ya mashirika, bili za ukarabati na barua za posta zilizochelewa kuliko katika kurasa za mbele za magazeti. Ukiona mstari usemao ndege ilikaa wiki sita karakana ikisubiri gia ya kutulia, umepata unachokitafuta.

Usiunganishe visivyounganishwa

Tarehe 22 Machi 1925 F 13 iliyokuwa ikitoka Tiflis (Tbilisi ya leo, Georgia) kwenda Sukhumi iliwaka moto muda mfupi baada ya kupaa na kuanguka. Walikufa viongozi watatu wa Kibolsheviki katika Kaukazi, Alexander Myasnikyan, Solomon Mogilevsky na Georgi Atarbekov, pamoja na wahudumu wa ndege. Uchunguzi haukubainisha moto ulianzaje, na uvumi wa hujuma ukaenea haraka, kama unavyoenea kila anapokufa mtu mwenye maadui.

Kishawishi cha mtafiti hapa ni kikubwa. Anazo ndege za Marekani zilizoungua mwaka 1920 kwa mabomba ya mafuta, na anayo ndege ya aina ileile iliyoungua mwaka 1925. Mkono unawashwa kuchora mstari. Asiuchore. Ili mstari huo uwe halali, angehitaji kujua kama ndege ya Tiflis ilikuwa na mabomba ya mpangilio wa zamani, ilitengenezwa lini, na nani aliyeitunza. Bila hayo, safu ya kilichothibitishwa ibaki na neno moja, "hakikubainishwa", na wazo la mabomba, pamoja na lile la hujuma, liende kwenye safu ya maoni, yote mawili yakiwa na hadhi sawa.

Hadhari hiyohiyo iwe kwa watu wakubwa wengine. Ernesto Cortissoz, rais wa SCADTA, shirika la ndege la Colombia, alikufa tarehe 8 Juni 1924 Tolima ilipoanguka Barranquilla, pamoja na rubani Helmuth von Krohn. Jina lake limepewa uwanja wa ndege wa mji huo, na kwa sababu hiyo ajali ina masimulizi mengi kuliko ushahidi. Masimulizi yaandikwe, ila yaandikwe kama masimulizi.

Na kuna makosa ya kuchanganya aina. Balozi Ago von Maltzan alikufa tarehe 23 Septemba 1927 ndege ya Luft Hansa ilipoanguka Schleiz. Shirika ni lilelile, injini ni moja, metali ni ileile, lakini ndege ilikuwa Dornier Merkur, yenye bawa la juu na muundo usiohusiana na wa Junkers. Kabla hujaingiza ajali yoyote kwenye jedwali, hakikisha namba ya kiwanda ya ndege hiyo ipo katika orodha uliyoanza nayo. Isipokuwepo, ama orodha ina pengo ama ajali si yako.

Kuhesabu, kama ni lazima

Wasomaji hupenda asilimia, na mwandishi hushindwa kujizuia. Ukijenga hesabu, igawanye kwa saa au kilomita zilizorukwa pale zinapopatikana, na usiigawanye kwa idadi ya ndege zilizojengwa peke yake. F 13 zaidi ya 300 zilizofanya kazi kwa miaka mingi haziwezi kupimwa kwa mizani moja na De Havilland DH.34 ya Uingereza, ndege nyingine ya injini moja, ambayo zilijengwa kumi na kitu tu. Kwa kundi dogo kiasi hicho ajali moja hubadilisha picha nzima, kama ile ya Croydon tarehe 24 Desemba 1924 iliyoua watu wanane na kuzaa uchunguzi wa hadhara. Ndege iliyorushwa juu ya tambarare zenye viwanja vya ndege kila baada ya safari fupi nayo haina hatari sawa na iliyorushwa juu ya misitu. Mahali ambapo saa za kuruka hazijulikani, toa idadi ghafi kwa kila mwaka na kila nchi, uache asilimia.

Mwisho wa kila mstari weka tarehe uliyouhariri mara ya mwisho na karatasi uliyoitegemea siku hiyo, kwa sababu mstari wa Tiflis unaosema "hakikubainishwa" leo unaweza kubadilika hifadhi ya nyaraka ikifunguliwa kesho, na atakayeusoma baada yako atataka kujua ulikuwa umeona nini ulipouandika.